Walioanza darasa la kwanza 2020 sasa wako la saba: ni Korona iliyowaacha nyuma, au tunaisingizia?

#1 Mwana_Bahi

Wakuu, salaam.

Kuna jambo limenikaa rohoni. Mpwa wangu yuko darasa la saba, shule ya serikali huku Bahi. Juzi nilimpa gazeti anisomee habari ya bei ya mpunga. Maneno mafupi akayapita bila shida. Alipofika kwenye "wafanyabiashara" akasimama, akaweka kidole, wa-fa-nya, kisha akabahatisha "wafanyakazi" na kusonga mbele. Sentensi ikakosa maana na yeye hakushtuka. Septemba huyu anakaa kwenye mtihani wa taifa.

Nikaenda kumuona mwalimu wake wa Kiswahili. Jibu lilikuwa fupi: "Hawa ndio wale wa Korona." Anasema la sita wanaowafuata wanasoma vizuri kuliko hawa.

Nikapiga hesabu. Darasa hili lilianza la kwanza Januari 2020. Machi shule zikafungwa nchi nzima. Dai langu ni hili: ile miezi iliwakuta hawa mahali pabaya kuliko darasa lingine lolote, na shule zilipofunguliwa hakuna aliyerudi nyuma kuwachukua. Nyie wa Dodoma, Singida, Kondoa na kwingine, watoto wenu wa umri huu wanasomaje?

#2 Kibaigwa_Sokoni

Naunga mkono hoja. Miezi sita nyumbani si mchezo. Mdogo wangu alirudi shule hawezi hata kuandika jina lake, na kabla ya hapo alikuwa anaandika.

#3 Mwl_Mstaafu_Mpwapwa

Kibaigwa, tuwekane sawa kwanza. Haikuwa miezi sita. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu akatangaza kufunga shule zote, za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30, na siku iliyofuata vikafuata vyuo. Muda ukaongezwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni, wengine wote 29 Juni. Ukitoa likizo ya Juni ambayo ingekuwepo tu, masomo yaliyopotea hayafiki miezi mitatu.

Ila mleta mada ana hoja, tena nzito kuliko alivyoieleza. Mwaka ule nilikuwa na darasa la kwanza. Januari unapokea mtoto ambaye hajawahi kushika penseli. Wiki za mwanzo ni sauti tu: a, e, i, o, u. Kisha unaingiza konsonanti moja moja na kuunganisha: ba, be, bi. Hadi katikati ya Machi wangu walikuwa wanasoma "baba", "kaka", "dada", na wachache "kalamu". Silabi za herufi tatu na nne, mba, nya, ng'o, mbwa, tulikuwa hatujazigusa. Hapo ndipo walipoenda nyumbani.

Walivyorudi mwisho wa Juni, nusu ya darasa walikuwa wamesahau hata zile chache. Mimi nina azimio la kazi linalosema kwa tarehe hiyo niwe kwenye hadithi fupi. Nikirudi nyuma, mkaguzi anauliza mbona nimechelewa. Nikienda mbele, watoto wanaimba kilichoandikwa ubaoni kwa kukariri. Unafuta neno moja katikati ya sentensi, nao bado wanalitamka pale pale palipofutwa. Mwalimu wa madarasa ya chini anaijua hiyo dalili.

Wa la nne au la tano alipoteza mada. Wa la kwanza alipoteza ufunguo wenyewe wa kusomea mada zote zilizobaki.

#4 Takwimu_Kwanza

Mwalimu, heshima yako. Naomba nilete namba ili mjadala usiende kwa hisia.

Mtihani wa darasa la saba 2019 ufaulu ulikuwa asilimia 81.50. Mwaka 2020, baada ya kufungwa huko, asilimia 82.68. Kidato cha nne 2019 asilimia 80.65, 2020 asilimia 85.84. Kama shule kufungwa kuliharibu elimu, mbona ufaulu ulipanda mwaka ule ule?

#5 Mama_wa_Nkuhungu

Kaka Takwimu, hao uliowataja ni watahiniwa. Shule ilipofunguliwa kila mtu aliwakimbilia wao. Walipangiwa saa za ziada, walisoma Jumamosi, wengine walikaa kambi. Mtihani wenyewe wa la saba ukasogezwa hadi Oktoba. Nani alimpangia kambi mtoto wa darasa la kwanza?

Halafu mtihani wa la saba sehemu kubwa ni kuchagua herufi. Mtoto anaweza kusiliba A, B, C, D akapata alama na bado asisome barua ya bibi yake. Mimi nina wawili. Wa kwanza alikuwa la sita 2020, alivuka bila shida. Wa pili ndiye huyo wa darasa la kwanza, na hadi leo akisoma midomo inatembea.

#6 Takwimu_Kwanza

Mama, kusogeza midomo si ushahidi. Lakini kuhusu watahiniwa nimekuelewa. Basi tunahitaji kipimo cha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) cha darasa hilo hilo wakiwa la pili mwaka 2021, tukilinganishe na la pili wa 2019. Bila hicho, wewe una mtoto mmoja na Mwana_Bahi ana mpwa mmoja.

#7 Kondoa_Irangi

Mnasahau kwamba kulikuwa na masomo ya redioni. Taasisi ya Elimu (TET) waliandaa vipindi, vikarushwa redioni na kwenye runinga, TBC na vituo vingine. Wadogo zangu walisikiliza, kwa hiyo si kweli kwamba watoto waliachwa hivi hivi.

Tulikuwa kwa bibi, kijijini huku Kondoa. Redio ni ya mawe mawili makubwa. Betri zikianza kuchoka bibi alikuwa anazianika juu ya bati tangu asubuhi zipate moto ili zivute kipindi kimoja. Wadogo zangu wanakaa kwenye mkeka na madaftari. Mwalimu wa redioni anauliza swali, anawaachia nafasi wajibu, wao wanajibu kwa sauti kama vile anawasikia. Mdogo wangu wa la tano alijifunza sehemu za hesabu pale. Wa la kwanza alifurahia nyimbo tu. Hapo Mwalimu wa Mpwapwa yuko sahihi: herufi huwezi kuiona redioni.

Na kulikuwa na ushindani. Kipindi kikigongana na taarifa ya habari, bibi alikuwa na neno la mwisho.

#8 Mwana_Bahi

Kondoa, asante kwa ushuhuda. Ila nyumba ngapi kijijini kwenu zilikuwa na redio inayofanya kazi saa nne asubuhi, na mtoto yupo nyumbani saa hiyo? Huku kwetu Aprili hadi Juni mtoto saa nne asubuhi yuko shambani.

#9 Mvumi_Makulu

Mbukwenyi!

Mwana_Bahi amefika penyewe. Anayejua kalenda ya Ugogo anajua Aprili na Mei ni kuwinga ndege. Uwele na mtama vikianza kukomaa, ukiacha shamba bila mtu asubuhi moja kweleakwelea wanamaliza. Mtoto anapanda kwenye kichanja alfajiri na kombeo na debe la kugonga, anashuka jua likizama. Baada ya hapo kuvuna, kubeba, kupura. Shule ikiwepo, mzazi anajua mwenyekiti wa kijiji atamuuliza mtoto yuko wapi, kwa hiyo ndege wanawingwa na watu wazima na wadogo ambao hawajaanza shule. Mwaka 2020 hapakuwa na wa kuuliza. Ilikuwa halali kabisa kumpeleka mtoto shamba la mbali akae huko huko.

Wengi hawakurudi tarehe 29 Juni. Mvuno ulikuwa haujaisha. Wengine walirudi Agosti, wengine walibaki na ng'ombe moja kwa moja. Kwa hiyo ule muda Mwalimu aliouhesabu ni wa serikali. Wa mtoto ulikuwa mrefu zaidi.

#10 Kibaigwa_Sokoni

Umeona Mwalimu! Ndiyo maana nikasema miezi sita. Mimi nilihesabu kwa kalenda ya mdogo wangu.

#11 Mwl_Mstaafu_Mpwapwa

Kwa kalenda ya mdogo wako nakubali. Kwenye daftari langu la mahudhurio la Julai 2020 kulikuwa na mistari myekundu imejaa hadi ukurasa unaonekana kama wa masahihisho. Kuna majina niliyavuta hadi Septemba, kisha mwalimu mkuu akaniambia niandike "mtoro sugu".

#12 Mzazi_Area_C

Sisi mjini ilikuwa tofauti. Watoto wangu wawili walikuwa shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza. Wiki ya pili baada ya kufungwa shule ikafungua grupu la WhatsApp kwa kila darasa. Asubuhi mwalimu anatuma picha za kurasa, maswali, na sauti yake akieleza. Mchana unapiga picha daftari la mtoto unarudisha. Inaonekana rahisi, lakini simu ni yangu na mimi nipo kazini Mtumba. Nikirudi jioni nakuta ujumbe zaidi ya mia, nusu ni wazazi wanasalimiana. Nikaanza kupeleka maswali steshenari yachapwe, kurasa nyingi kila wiki, na bando juu yake.

Wa darasa la tano alisonga. Mdogo, ambaye ndiye wa la kwanza, alisoma na dada wa kazi aliyeishia la saba. Namshukuru sana yule binti hadi leo, ndiye aliyemfundisha kusoma kwa Kiswahili kwa kutumia Biblia yake. Kiingereza kilisubiri. Mtoto alipofika la tatu nikamhamishia shule ya serikali, na huko ndiye anayewasomea wenzake.

#13 Mvumi_Makulu

Area C mlikuwa na steshenari, dada wa kazi na bando. Halafu bado mnasema ilikuwa shida! Natania mkuu, huyo dada anastahili cheti cha ualimu.

#14 Mwl_Binafsi_Kisasa

Mzazi_Area_C, niongeze upande wa aliyekuwa anatuma hizo sauti.

Nilikuwa nafundisha shule binafsi hapa Dodoma, jina naliacha. Aprili tulilipwa nusu. Mei hatukulipwa. Uongozi ulisema wazazi wengi hawajalipa ada kwa sababu watoto wako nyumbani, na wazazi nao walikuwa wanauliza walipie nini. Kila upande ulikuwa na lake, ila kodi ya nyumba haikusubiri wakubaliane. Nilikuwa narekodi somo saa kumi na moja alfajiri kabla majogoo hayajaanza, kwa bando langu mwenyewe, halafu mchana nauza mihogo ya kukaanga karibu na Majengo. Mwenzangu wa Fizikia aliingia bodaboda na hakurudi darasani kabisa. Walimu wa aina yake tuliwapoteza wengi, na wale ni watu waliokuwa wanawaelewesha watoto.

Kingine ambacho grupu la WhatsApp haliwezi ni hiki. Mtoto wa darasa la kwanza unamfundisha herufi kwa kumshika mkono. Unasimama nyuma yake, unaona anaanzia "d" chini kwenda juu, unamrudisha. Kwenye picha ya daftari naona "d" imeshaandikwa tu, sijui aliianzia wapi, na mara nyingi nilijua kabisa ni mwandiko wa mama.

#15 Bumu_Limeingia

Na chuo mtuseme kidogo. Mimi nilikuwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka wa pili. Tarehe 18 Machi tulikuwa tunagombania mabasi na mabegi, wengine hawana nauli kwa sababu bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu, lilikuwa bado. Baadhi ya wahadhiri walituma nakala za PDF, wengine kimya. Nyumbani kwetu Manyoni mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Nikawa napanda pale jioni na simu, ng'ombe wakirudi nashuka. Juni tuliporudi ratiba ilibanwa, vipindi hadi usiku na Jumamosi, tukafanya mitihani tukiwa hoi. Lakini tulimaliza. Mtu mzima anaweza kujisukuma. Wa miaka saba hawezi.

#16 Mbishi_wa_Makole

Nimesoma wote na sikubaliani na mleta mada.

Uganda walifunga shule Machi 2020, wakafungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Kenya walirudisha madarasa ya mitihani Oktoba 2020 na wengine Januari 2021, mwaka mzima ukapotea. Sisi hatukufunga masoko, hatukufunga makanisa wala misikiti, na shule tulifungua mapema kuliko majirani hao. Kama huo muda mfupi ndio umemfanya mtoto wa Bahi asisome akiwa la saba, basi Waganda wote wa umri huo wasingejua kusoma kabisa.

Tuseme ukweli kuhusu Dodoma. Serikali ilihamia huku kuanzia 2016, mji ukatangazwa jiji Aprili 2018, watu wakaja. Mwaka huo huo wa 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na uandikishaji wa la kwanza ukafurika. Nenda shule yoyote ya pembeni mwa jiji, Nzuguni, Chang'ombe, Ihumwa, uone mwalimu mmoja na watoto zaidi ya mia wa darasa la kwanza. Hata bila Korona mtoto wa mstari wa nyuma asingejua kusoma. Korona imekuwa kichaka cha kujifichia.

#17 Mama_wa_Nkuhungu

Mbishi, Bahi si jiji. Kule watu hawajahamia.

Na hoja yako inajipiga yenyewe. Kama darasa lina watoto mia, mtoto akikosa siku nyingi nani atamuona amebaki nyuma? Darasa la watoto thelathini lingewarudisha. Vitu viwili vimekaa juu ya mtoto mmoja, wewe unataka tuchague kimoja.

#18 Mbishi_wa_Makole

Bahi si jiji lakini upungufu wa walimu uko pale pale, tena zaidi. Walimu wakipangiwa vijijini wanaomba uhamisho kuja mjini.

#19 Nesi_Kongwa

Ngoja niweke la kwangu, kwa sababu mnawazungumzia walioko darasani tu.

Shule zilipokaribia kufunguliwa nilizunguka na timu ya afya kata kadhaa kufundisha kunawa mikono. Tulitengeneza vibuyu chirizi: dumu la lita tano limening'inizwa kwenye mti wa mlalo, kitundu kimetobolewa kwa msumari wa moto, kamba imeshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu, na kipande cha sabuni kimefungwa kwenye uzi pembeni. Watoto walivipenda mno, wakawa wanapanga foleni kunawa hata mara tatu. Tatizo maji. Huku maji ni ya kuchota mbali, kwa hiyo kila mtoto akaambiwa aje na kidumu chake. Asiye na kidumu alirudishwa. Kuna waliorudishwa mara mbili tatu, wakaona shule yenyewe basi.

La pili ni wasichana. Julai na Agosti ile kliniki ya wajawazito ilianza kuletewa watoto wa shule. Wakati huo msichana mjamzito harudi darasani, mlango umefungwa. Waziri wa Elimu, Profesa Ndalichako, alitangaza Novemba 2021 kwamba waliojifungua wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Kwa aliyepata mimba Mei 2020, mtoto wake alikuwa anakaribia kutembea. Baadhi walirudi, namfahamu mmoja yuko chuo cha uuguzi sasa na namheshimu sana. Wengi walishaolewa. Hawa hamtawapata kwenye asilimia za ufaulu za Takwimu_Kwanza, kwa sababu hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

#20 Takwimu_Kwanza

Nesi, hilo nalichukua kwa uzito. Ufaulu unagawanywa kwa waliofanya mtihani. Aliyeacha shule hayumo juu wala chini ya mstari.

Ila bado sijaona sababu ya kuitenga Korona na utoro wa kila mwaka wa mavuno.

#21 Madarasa_ya_UVIKO

Jamani mbona hamsemi mazuri? Oktoba 2021 Rais Samia alizindua hapa hapa Dodoma ule mpango wa ustawi na mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF. Yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima na madawati yake. Januari 2022 kidato cha kwanza wote wakaingia kwa mkupuo mmoja bila kusubiri awamu ya pili. Mimi ni fundi, nilipaua na kupiga lipu mawili ya hayo huku Chamwino. Bila ule ugonjwa yale madarasa tungeyasubiri sana.

#22 Mwl_Mstaafu_Mpwapwa

Fundi, hongera kwa kazi. Lakini kati ya hayo 15,000, madarasa 12,000 yalikuwa ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama. Watoto tunaowazungumzia walikuwa darasa la pili wakati huo, katika shule za msingi za kawaida. Fedha iliyokuja kwa jina la ugonjwa iliwapita juu. Na hata ingejenga, ukuta haufundishi "nya". Kilichotakiwa ni mwalimu wa ziada wa madarasa ya chini kwa mwaka mmoja tu, akae na wale waliobaki nyuma. Nililiandika hilo kwenye taarifa yangu ya mwisho wa muhula.

#23 Madarasa_ya_UVIKO

Watoto hao hao wakifaulu mwaka huu wataingia kwenye madarasa hayo Januari, Mwalimu. Yanawasubiri.

#24 Mwl_wa_Kata

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi ndiye mwalimu wa la saba kwa sasa, si wa Bahi lakini si mbali. Kuna kitu kinaniumiza kwenye huu uzi: hilo jina "wale wa Korona". Walimu wenzangu, tuliache. Mtoto akisikia mwalimu anamwita hivyo miaka yote, anaamini kichwa chake kina kasoro.

Darasa langu lina watoto wale wale wa 2020. Sita hivi hawasomi vizuri, waliobaki wanasoma. Kwa nini? Kwa sababu mwalimu wao wa la pili, mwaka 2021, aligoma kuendelea. Kila asubuhi kabla ya kengele alikaa nao chini ya mwarobaini na kadi za silabi alizokata kwenye maboksi ya sabuni. Alifanya hivyo hadi Pasaka, kisha akaanza muhtasari wa la pili. Mwalimu mkuu alimkingia kifua kwa afisa elimu. Ugonjwa ule ule, kata kame ile ile, matokeo tofauti.

Na jambo lingine hamjaligusa: chakula. Shule yetu wazazi walichanga mahindi na maharage, watoto wanakula makande saa saba. Shule jirani michango ilikufa 2020 shule zilipofungwa na haikurudi. Kamati ilivunjika, magunia yaliyokuwa stoo yaligawanwa, kila mzazi akazoea. Watoto wa pale wanatoroka mchana hadi leo. Kwa hiyo kufungwa kuliua vitu vingine pembeni ambavyo havikufufuka.

#25 Mbishi_wa_Makole

Mwalimu wa Kata, wewe ndiye shahidi wangu. Mwalimu akiwepo na akiwa na moyo, Korona haina nguvu.

#26 Mama_wa_Nkuhungu

Amesema pia kamati ya chakula ilikufa 2020. Usichague mstari mmoja.

#27 Kondoa_Irangi

Hivi wa mwakani itakuwaje? Nasikia 2027 la sita wa mtaala mpya na la saba wa mwisho wa mtaala wa zamani wanamaliza pamoja, halafu kidato cha kwanza 2028 madarasa mawili yanaingia kwa mara moja.

#28 Mwl_wa_Kata

Ni kweli, ndivyo mpango ulivyo. Ndiyo maana hawa wa mwaka huu nasema tuwahangaikie sasa. Mtoto wa 2026 akishindwa, akitaka kurudia mwakani anakutana na msongamano huo. Na kwa waliokwishatoka kabisa kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ulizeni kwa afisa elimu kata kama kituo kipo karibu. Watu wengi hawajui kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili aliyebaki na ng'ombe bado ana njia.

#29 Takwimu_Kwanza

Mwana_Bahi, swali moja ambalo lingepaswa kuulizwa mwanzo. Mpwa wako alikuwa wapi kati ya Machi na Juni 2020?

#30 Mwana_Bahi

Nimempigia dada leo kuuliza hilo hilo. Alikuwa Manyoni kwa babu yake upande wa baba. Walimpeleka wiki ile shule zilipofungwa kwa sababu dada alikuwa anauza samaki stendi na hakuna wa kumwachia. Huko akawa anawinga ndege kama Mvumi alivyosema, kisha akachunga. Walimrudisha baada ya Nane Nane. Januari akapandishwa la pili pamoja na wenzake.

Mdogo wake aliyeanza la kwanza 2021 anasoma bila kigugumizi.

#31 Takwimu_Kwanza

Basi ni utoro. Wenzake walirudi Juni.

#32 Mvumi_Makulu

Utoro wa nani? Shule ilifungwa na serikali, mama ana biashara ya kulisha watoto, mtoto wa miaka saba hajipeleki Manyoni mwenyewe. Neno utoro hapa si haki.

#33 Mbishi_wa_Makole

Na nani alimpandisha la pili hajui kusoma? Hiyo si Korona wala Manyoni.

#34 Mwl_Mstaafu_Mpwapwa

Alipandishwa kwa sababu hakuna mtihani wa kumzuia pale, na dawati lake lilikuwa linahitajika na wa 2021. Mbishi, ungekuwa wewe ungembakiza wapi?

#35 Nesi_Kongwa

Mwana_Bahi, niulize jambo jingine kabla hamjamhukumu mtoto. Amepimwa macho?

Nauliza kwa sababu umesema anasoma maneno mafupi vizuri na anapoteza marefu katikati. Mkoa wetu umesumbuliwa sana na vikope, na Kongwa tulikuwa maarufu kwa hilo kabla dawa hazijagawiwa. Pia kuna watoto wasioona karibu na hakuna anayejua, wanaitwa wazito. Mwambie asome neno hilo hilo likiwa limeandikwa kubwa ubaoni, umbali wa hatua chache. Akilisoma lote, tatizo si silabi.

#36 Mwana_Bahi

Dada Nesi, hilo halikutupitia akilini hata kidogo. Huwa anafikicha macho kweli, tukadhani ni vumbi la huku. Nimpeleke wapi?

#37 Nesi_Kongwa

Anza na hospitali ya wilaya waangalie kope. Wakiona inahitaji zaidi, Hospitali ya Mvumi wana kitengo cha macho cha siku nyingi. Nenda na kadi yake ya bima kama ipo, na nenda siku ya kazi asubuhi.

#38 Mwl_wa_Kata

Na usisubiri majibu ya macho ndipo uanze silabi, fanya vyote. Nitumie ujumbe pembeni nikupe orodha ya zile kadi, silabi za kuanzia na za kufuatia. Maboksi ya sabuni yanatosha.

#39 Kibaigwa_Sokoni

Mwalimu, nami nitumie hiyo orodha. Mdogo wangu hana shida ya macho, yule ni Korona tu.

#40 Mbishi_wa_Makole

Kibaigwa, darasani kwao wako wangapi?

#41 Kibaigwa_Sokoni

Mia na kumi na kitu. Najua utasema nini.